Injini Iliyopona Bila Dawa

Mimi ni mwalimu wa lugha. Kazi yangu ni maneno: kuyapima, kuyalinganisha, na kuwahimiza vijana wasiyatumie ovyo. Mtu aweza kuuliza kwa haki, mwalimu wa maneno ana shauri gani na mashine? Jibu langu ni kwamba injini mbili zimenifundisha juu ya maneno jambo ambalo sikulipata chuoni, ijapokuwa nalikaa huko hata nikapewa udaktari. Ya kwanza ilikuwa Handeni, ikisaga mahindi. Ya pili iko Korogwe, na imekusudiwa kurusha ndege ndogo iliyoundwa na kijana mmoja nyumbani kwa baba yake. Kati ya miji hiyo miwili pana barabara ya kilomita zipatazo 65. Kati ya injini hizo mbili pana miaka zaidi ya thelathini ya umri wangu. Zote mbili zilipatwa na ugonjwa mmoja, ugonjwa wa kupungukiwa na nguvu; na kwa zote mbili, chanzo kilipokuwa hakijajulikana, watu walitafuta mtu wa kukibeba.

Nianze na Handeni. Katika mwaka 1991 nalikuwa mtoto wa miaka kumi, na mjomba wangu alikuwa na mashine ya kusaga. Ilikuwa injini ya dizeli yenye silinda moja, iliyopozwa kwa maji ya pipa, ikizungusha kinu kwa mkanda mrefu. Mlio wake ulikuwa saa ya mtaa wetu. Akina mama waliotoka mbali na debe kichwani waliusikia wakiwa bado njiani, wakaongeza mwendo kwa kuwa walijua kwamba leo watoto watakula ugali mapema. Handeni ni nchi ya mvua chache na jua la kutosha. Mahindi yanapopatikana ni neema, na neema hiyo haina budi kupita kinuni kabla ya kufika chunguni.

Siku moja mlio ule ulianza kudhoofika. Asubuhi mashine iliwaka vizuri na kusaga kwa nguvu zake zote. Baada ya saa moja hivi, sauti ilishuka pole pole kama ya mtu anayesinzia, kinu kikawa kizito, kisha injini ikazima. Mjomba alifungua kifuniko cha tangi akatazama kama mafuta yapo. Yalikuwapo. Akakifunga, akapiga hendeli, injini ikawaka, ikasaga saa nyingine, ikazima tena. Jambo hili liliendelea kwa juma zima. Kila ilipowaka, mjomba alisema, "Imepona." Kila ilipozima alisema, "Imechoka."

Mtaa mzima ulikuwa na rai. Mmoja alisema mkanda umelegea. Mwingine alisema mahindi ya mwaka ule yalikuwa mabichi. Wa tatu alinong'ona juu ya jirani mwenye jicho la husuda. Walakini rai iliyoshinda ilikuwa mbaya kuliko zote, maana ilikuwa na sura ya akili. Mjomba alikuwa na msaidizi, kijana wa miaka kama kumi na minane, ambaye kazi yake ilikuwa kununua dizeli na kuimimina tangini. Watu walisema kwamba kijana yule anauza sehemu ya dizeli na kujaza pengo kwa mafuta ya taa au maji. Hakuna aliyemwona. Hakuna aliyeonja mafuta wala kuyatia katika chupa akayatazama juani. Lakini injini ilikuwa na ugonjwa, ugonjwa ulitaka chanzo, na kijana alikuwa karibu. Mjomba alimfukuza siku ya Ijumaa mbele ya akina mama wenye madebe. Naliyaona macho ya kijana yule. Hakubishana, alijifuta unga mikononi, akaenda.

Jumatatu injini ilizima kama kawaida yake.

Hapo ndipo mjomba alipomwita fundi mzee. Mzee yule alikuja na mfuko mdogo, akaomba kigoda, akakaa. Hakugusa kitu kwa muda wa saa nzima. Sisi watoto tulimcheka, tukadhani kwamba hajui kazi. Sauti ya injini ilipoanza kushuka, kabla haijazima, aliinuka, akaenda tangini, akakilegeza kifuniko. Tangi likavuta pumzi: ulisikika mfyonzo mfupi, kama wa mtu aliyezama akaibuka. Injini ikapanda sauti, ikaendelea kusaga. Mzee akakigeuza kifuniko, akatuonyesha. Katikati yake palikuwa na tundu dogo, na tundu lile lilikuwa limezibwa kwa udongo mkavu. Nyigu alikuwa amejenga.

Tangi la mafuta lahitaji kupumua. Kila tone linalotoka chini hudai nafasi yake ijazwe na hewa kutoka juu. Hewa ikikosa njia, ndani ya tangi hufanyika utupu unaoyavuta mafuta nyuma, mpaka yasiweze kushuka tena. Mtoto yeyote aliyeziba kwa kidole tundu la juu la mrija wenye maji anajua jambo hili, ingawa hajui kwamba analijua. Na sababu ya mashine kupona kila mara sasa ilikuwa wazi. Mjomba alipofungua kifuniko kutazama mafuta, aliingiza hewa. Mkono uliotafuta ugonjwa ndio uliokuwa dawa, na mwenye mkono hakujua. Alitazama mafuta tu, akasahau kutazama kile alichokuwa amekishika.

Mjomba alisimama kimya kwa kitambo. Kisha akauliza njia aliyoishika yule kijana. Aliambiwa kwamba ameonekana akielekea Korogwe, kutafuta kazi ya kukata mkonge. Siku ya pili alipanda gari, akazunguka katika kambi za mkonge kwa siku tatu, akarudi peke yake na viatu vyenye vumbi jekundu. Hakulisema neno hilo tena mpaka alipofariki. Lakini tangu siku ile sikupata kumsikia akitamka ya kwamba mashine imechoka.

Sasa nipande barabara ile ile aliyoipanda mjomba, nifike Korogwe.

Miaka michache iliyopita nalipata barua kutoka kwa kijana niliyemfundisha uandishi wa insha kabla hajahamia masomo ya ufundi. Alikuwa amerudi kwao Korogwe, na katika ua wa baba yake, chini ya mwembe, alikuwa akiunda ndege ya mtu mmoja kwa michoro aliyoinunua ng'ambo. Jambo hili si geni duniani kama mtu awezavyo kudhani. Marekani kuna chama cha waundaji wa namna hii kilichoanzishwa mwaka 1953, na ndege za nyumbani zinazoruka huko ni maelfu. Karibu nasi, katika miaka ya 2010, magazeti ya Kenya yalimtaja sana Gabriel Nderitu, mtaalamu wa kompyuta wa huko Nyeri, aliyeunda ndege kwa mikono yake. Mwanafunzi wangu hakuomba fedha. Aliomba tafsiri. Alikuwa na waraka wa Kiingereza unaoeleza jinsi ya kutafuta sababu za injini ya ndege ndogo kupungukiwa na nguvu, na wasaidizi wake wawili, mafundi hodari wa pikipiki, hawakusoma lugha hiyo.

Nalikwenda mwenyewe. Ndege ilikuwa imefungwa mkia kwa kamba nene kwenye mwembe ili isijongee injini inapojaribiwa. Injini ilikuwa ya Volkswagen, lile gari dogo lenye mgongo wa kobe ambalo wazee wetu walilijua vizuri. Waundaji wa ndege wameipenda injini hiyo kwa miaka mingi kwa sababu ni nyepesi, na hupozwa kwa upepo bila maji. Ilipofunguliwa mafuta yote, rafadha, yaani panga lizungukalo mbele, ilifanya mizunguko 3,000 kwa dakika. Baada ya dakika kumi na kitu ilishuka mpaka 2,600. Kisha, bila kuguswa, ikapanda tena.

"Shikamoo, Mwalimu," kijana aliniambia huku akitabasamu. "Umeona? Hujirekebisha yenyewe."

Nalisikia baridi mgongoni. Nilikuwa nimelisikia neno lile kabla yeye hajazaliwa.

Tuliketi na waraka. Neno la kwanza lililonishinda lilikuwa kichwa chake. Niliandika "kupungua kwa nguvu," nikaridhika. Msaidizi mmoja, kijana mpole aliyekuwa na kazi ya kuchuja petroli, akauliza, "Kupungua kupi, Mwalimu? Maana kuna kulegea, kuna kukohoa, na kuna kukata." Nikamwomba anifafanulie. Alisema kwamba injini inalegea inaposhuka taratibu bila kutikisika. Inakohoa inaposhtuka na kuruka mapigo. Inakata inapozima mara moja kama taa. Nikaurudia waraka, nikaona kwamba maneno matatu ya fundi wa pikipiki yalibeba mambo ambayo mwandishi wa Kiingereza aliyaeleza kwa kurasa tatu.

Maana injini ya petroli inahitaji vitu vinne: hewa, mafuta, moto wa plagi, na mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda. Kila kimoja kikipungua huacha alama yake. Silinda moja ikikosa moto kwa plagi chafu au waya uliolegea, nyingine huendelea, na injini hutikisika. Hiyo ni kukohoa. Silinda zote zikinyimwa sawasawa, ama mafuta ama hewa, injini hushuka kwa utulivu. Hiyo ni kulegea. Swichi ikifunga moto wote, au maji yakijaa katika kabureta, hukata. Anayesema tu kwamba "imechoka" amezifuta alama zote tatu. Uchovu ni wa mwili wenye roho. Chuma hakichoki kwa namna hiyo. Nalifuta tafsiri yangu, nikaandika maneno ya yule kijana, na jina lake nikaliandika pembezoni.

"Na hii yetu hufanya lipi?" nalimwuliza.

"Kwanza inalegea, kisha inakohoa kidogo, kisha inapata pumzi," akasema.

Basi kiburi kikanipanda. Mimi niliyeshuhudia habari ya nyigu nikasema kwa sauti ya mtu ajuaye, "Ni tundu la tangi!" Nikawasimulia habari ya Beryl Markham, rubani aliyekulia Kenya, ambaye mwezi Septemba 1936 aliondoka Uingereza peke yake kuvuka bahari ya Atlantiki kuelekea magharibi. Baada ya zaidi ya saa 20 angani injini yake ilikufa, akaangukia katika kinamasi cha Cape Breton nchini Kanada, akaokoka na jeraha. Sababu iliyoelezwa ni barafu iliyoziba matundu ya kupumulia ya matangi yake. Mafuta yalikuwapo, lakini hayakuweza kufika. Wasaidizi walisikiliza kwa heshima. Injini ikawashwa, ikaanza kulegea, tukalegeza kifuniko cha tangi. Hapakuwa na mfyonzo, wala injini haikupanda sauti. Tundu lilikuwa wazi kabisa.

Nakiri kwamba nalitahayari. Nalikuwa nimefanya lile lile walilofanya watu wa mtaa wetu: nalileta jibu langu kutoka nyumbani, nikalitafutia swali. Ujuzi wa jana ni mshauri mwema, lakini ni hakimu mbaya.

Kumbe mwanafunzi wangu naye alikuwa na jibu lake. Alinivuta kando, akaninong'oneza kwamba anamshuku yule mchuja petroli. Huenda hachuji sawasawa. Huenda ananunua petroli ya vidumu njiani ili abakize chochote. Alikuwa amenuia kumwondoa mwisho wa juma, kwa kuwa siku ya Saba Saba alikusudia kuionyesha ndege kwa watu, na kuikimbiza uwanjani, na "kuinyanyua kidogo tu." Nikaisikia sauti ya mjomba katika kinywa cha kijana wa miaka ishirini na sita. Naliona tena mikono ikifutwa unga.

Nikamwambia mambo mawili. La kwanza lilihusu kunyanyua kidogo. Hakuna ndege iruhusiwayo kuruka katika nchi hii bila kukaguliwa na kuandikishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na sheria hiyo ina hekima ndani yake. Kinu kikizima, mwenye kinu hupoteza saa moja ya kazi. Ndege ikizima katika kupaa, rubani yuko chini mno kugeuka na kurudi uwanjani. Wengi waliojaribu kugeuka walikufa katika kugeuka huko. Mwaka 2012 bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ilitoa uchunguzi wake juu ya ndege zinazoundwa nyumbani, ikaona kwamba kushindwa kwa injini na kupotewa na utawala wa ndege ndivyo vyanzo vikubwa vya ajali, na ya kwamba ajali nyingi hutukia katika safari za mwanzo mwanzo. Nyanyuko dogo ni safari ya mwanzo; kifo hakipimi urefu wake.

La pili lilikuwa habari ya kijana wa Handeni. Nalimsimulia yote, pamoja na viatu vya mjomba vyenye vumbi jekundu. Alinyamaza. Kisha akasema, "Basi tuujaribu mfumo wa mafuta, Mwalimu, ili tujue."

Waraka ulieleza jaribio rahisi. Injini ile hunywa takriban lita 20 kwa saa inapofanya kazi kwa nguvu zote. Kwa tangi linaloteremsha mafuta kwa uzito wake bila pampu, kanuni inataka bomba liweze kutoa mara moja na nusu ya kiasi hicho, yaani lita 30 kwa saa, au nusu lita kwa dakika. Na hilo lipimwe pua ya ndege ikiwa imeinuliwa kama inapopaa, maana hapo tofauti ya kimo kati ya tangi na kabureta huwa ndogo kuliko wakati wote. Tukaipandisha pua juu ya matofali, tukalifungua bomba kwenye kabureta, tukaweka ndoo na saa. Ilitoka zaidi ya nusu lita kwa kila dakika, wala haikupungua mpaka tangi lilipokaribia kwisha. Tukafungua chujio, lilikuwa safi. Tukaitia petroli katika chupa ya kioo, tukaiacha itulie. Hapakuwa na maji wala takataka. Ndoo, chujio, na chupa vilimtetea yule kijana bila kusema neno. Alikuwa amesimama pale pale akishika saa, asijue kwamba alikuwa mshitakiwa, wala kwamba ameshinda kesi.

Kisha akatuletea kitu kilichotufaa kuliko waraka wangu. Lilikuwa daftari la shule ambamo, kwa hati yake ya taratibu, alikuwa ameandika saa ya kila jaribio, hali ya hewa, na kama boneti ya injini ilikuwa imefungwa au imefunguliwa. Hakuagizwa na mtu. Injini ilikuwa imelegea mara tisa, na mara zote tisa zilikuwa kati ya saa sita na saa tisa za mchana, boneti ikiwa imefungwa. Asubuhi haikulegea hata mara moja.

Daftari lile liliondosha shaka moja kubwa, nayo ni barafu katika kabureta. Msomaji asicheke. Petroli inapogeuka mvuke, na hewa inapopanuka katika koo ya kabureta, joto hushuka kwa digrii 20 na zaidi, na unyevu wa hewa huganda humo ndani hata katika siku ambayo rubani anatoka jasho. Nchi zenye joto na unyevu hazina kinga dhidi ya barafu hiyo. Ndiyo maana ndege zenye kabureta huwekewa njia ya kuvuta hewa ya moto. Lakini barafu ya namna hiyo hupenda ubichi wa asubuhi, nayo injini yetu ilikuwa na afya asubuhi. Ugonjwa wetu ulipenda jua.

Ilibaki kuulizwa joto linadhuru nini. Ndugu wawili wa Marekani, Orville na Wilbur Wright, waliifahamu habari hii tangu mwaka 1903. Injini waliyoundiwa na fundi wao Charlie Taylor ilitoa karibu nguvu za farasi 16 katika sekunde za kwanza, kisha, hewa iliyoingia ilipopata moto, ikashuka mpaka kama 12. Hawakusema kwamba imechoka. Walikuwa wamekadiria kwamba wanahitaji 8, wakaifanya hesabu yao kwa nguvu ya injini iliyokwisha shuka, wala si kwa ile ya sekunde za kwanza. Na tarehe 17 Desemba 1903 wakaruka. Lakini injini ya Wright iliposhuka ilibaki chini, nayo yetu ilishuka na kupanda. Kwa hiyo tulibaki na watuhumiwa wawili: koili ya moto, ambayo ikipata joto huweza kudhoofika na ikipoa ikarudi; na mpira wa mafuta, ambamo petroli ikichemka hufanya povu la mvuke linaloziba njia mpaka lipite.

Hapo mwanafunzi wangu alitaka kubadili vyote viwili mara moja, ili amalize. Msaidizi akakataa kwa adabu. "Tukibadili vyote, kaka, ikapona, tutaishukuru ipi?"

Tulibadili kimoja. Mpira wa mafuta ulipita upana wa kiganja tu kutoka bomba la moshi. Tukauhamishia upande wa pili, na katikati tukaweka kinga ya bati. Saa saba mchana, boneti imefungwa, injini ilizunguka nusu saa bila kulegea. Vijana walipiga makofi, na mwanafunzi wangu alinitazama kana kwamba anasema, imepona. Lakini sisi wa Handeni tuna deni na neno hilo. Nalimwomba aurudishe mpira mahali pake pa zamani. Alinung'unika, akaurudisha. Katika dakika ya kumi na mbili injini ililegea, ikakohoa, ikapata pumzi. Akauhamisha tena, haikulegea. Siku ya pili akarudia yote, na ya tatu pia, jua likiwa kali, na matokeo yakawa yale yale.

Kuondoka kwa ugonjwa si ushahidi kwamba umetibiwa, kwa maana ugonjwa huweza kuondoka kwa shughuli zake wenyewe. Ushahidi ni kuuita urudi ukarudi, na kuufukuza ukaondoka, kwa sababu unayoweza kuitaja. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Naongeza kwa unyenyekevu kwamba kuna njia ya kuyaficha maradhi pasipo kusema uongo, nayo ni kuyapa jina lisilo na maana kisha kushukuru yanaponyamaza.

Saba Saba ilipita, na ndege haikuonyeshwa. Hadi ninapoandika haya bado iko chini ya mwembe, ikisubiri ukaguzi. Yule mchuja petroli bado yuko naye, na daftari lake sasa lina jalada gumu. Waraka wangu umebandikwa ukutani. Nimeutazama mara nyingi, na katika kurasa zake zote maneno ninayoyaonea fahari ni matatu ambayo si yangu: inalegea, inakohoa, inakata.

Wanafunzi huniuliza kwa nini nawasumbua juu ya neno moja katika insha, na kwa nini sikubali mtu aandike kwamba uchumi umedorora, au ndoa imevunjika, au kijiji kimerudi nyuma, bila kusema ni kitu gani kilichopungua, lini, na kwa dalili zipi. Wao hudhani kwamba napenda ufasaha. Naupenda, lakini sio sababu. Sababu ni kwamba neno lililolegea huacha nafasi wazi, na nafasi hiyo haikai tupu. Mtu huingizwa humo: mara nyingi mnyonge aliye karibu, asiyejua kujitetea, anayejifuta unga mikononi na kwenda zake.

Kila nipitapo katika mashamba ya mkonge ya Korogwe hutazama nyuso za wanaume waliopita miaka hamsini. Najua kwamba sitamtambua. Hutazama hata hivyo, kwa niaba ya mjomba.